Gitaa Lililochaguliwa kwa Taya

Kwaya yetu ya hapa Kikuyu, Dodoma, imenipa kazi ambayo sikuiomba. Gitaa la solo limekwisha. Fundi alilipeleka karibu na dirisha, akafumba jicho moja na kuichungulia shingo yake kwa urefu, akasema imepinda na haitanyooka tena, na nyaya za ndani nazo zimeoza. Kamati ikaamua litafutwe jingine, na kwa kuwa mimi ndiye ninayelipiga, nikaambiwa nikachague. Walidhani wananipa heshima. Mimi nilitamani kwenda kulala.

Tangu hapo simu yangu haina raha. Amosi, kijana anayesoma chuo kikuu kule Chimwaga na anayepiga gitaa la ridhimu kwenye kwaya yetu, ananitumia picha tangu asubuhi. Hili lina pikapu mbili nene, yaani zile sumaku zinazokaa chini ya nyuzi na kunasa mtikisiko wake, kwa hiyo halivumi. Lile lina pikapu tatu nyembamba, sauti yake kali, inapenya hata kwaya nzima ikipaza. Hili shingo yake nyembamba, vidole havichoki. Lile lina mkono wa chuma wa kuyumbisha sauti, ila nyuzi zake hulegea upesi. Ni kijana mzuri, na anachosema ni kweli tupu. Lakini mtu ukishashinda ofisini na mafaili, ukarudi nyumbani ukapika, kila gitaa linaanza kufanana na jingine. Na siku hizi nimekuwa mtu wa kumwambia arudie alichosema, jambo ambalo nalisingizia kelele za pikipiki.

Jumamosi moja nikasema angalau nilitoe lile la zamani kwenye mfuko wake, nione kama kuna cha kuokoa, mkanda au waya. Mfuko wenyewe ni wa turubai, mama yangu aliushona kwa mkono zamani sana. Nilipoufungua, harufu ya salfa ikanipiga puani, nikakaa chini papo hapo kwenye sakafu.

Mliokulia upande wa Makutupora hamhitaji kuelezwa. Salfa ni ule unga wa njano unaopuliziwa mizabibu ili ukungu usiishike, na harufu yake ni ya kiberiti kilichowashwa kikazimwa. Inaingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye ugali. Baba alikuwa mpulizia dawa katika mashamba ya zabibu ya watu. Alibeba mgongoni mashine yenye injini, na hiyo injini ilinguruma nyuma ya masikio yake tangu jua halijapanda mpaka vivuli vinarefuka. Alirudi nyumbani na nyusi za njano, nasi watoto tukamtania kwamba leo katiwa bizari. Alikuwa anacheka, ananawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, anaikausha kwa kanga ya mama, ndipo anashika gitaa. Hakuwahi kulishika na mikono ya shambani. Lakini shati hakubadilisha, na ndiyo maana mfuko unanuka hivi hadi leo.

Baba mwenyewe yupo, amekaa uani kwangu akiota jua. Hasikii hata geti likigongwa. Ukitaka kuzungumza naye inabidi ukae mbele yake, umshike mkono, useme polepole aone midomo. Nampenda baba yangu, na ninachoka. Wote wenye wazazi wazee nyumbani wanajua kwamba hayo mawili hukaa pamoja bila kugombana.

Kijijini kwetu kanisa lilikuwa na kwaya moja na gitaa moja. Mpiga solo alikuwa mtu mkubwa kwa sababu kwaya haikuwa na kinanda, kwa hiyo sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne zote zilianzia kwake. Anagonga noti, kinamama wanaichukua kwa kuguna, kinababa wanafuata, kisha wimbo unaanza. Na ilikuwepo desturi ambayo hakuna aliyeiandika popote: chombo kipya kikinunuliwa, aliyekichagua ndiye anayekitolea sauti ya kwanza mbele ya madhabahu, peke yake, kanisa zima likiwa kimya. Chombo kikigoma au sauti ikikataa, wote wanasikia aliyeshindwa ni nani. Mpiga solo aliyemtangulia baba aliaibika hivyo. Akarudi kusimama nyuma na waimbaji, na hakugusa uzi tena maisha yake yote.

Baba alikuwa na mchezo nami. Anaponifundisha kuoanisha nyuzi, ndivyo alivyokuwa akisema, mimi nakaa chini miguuni pake na mkono wangu juu ya goti lake. Anagonga nyuzi mbili kwa pamoja. Zikiwa hazijapatana, sauti inatikisika, wau-wau-wau, na mimi nambana goti. Yeye anazungusha ufunguo, na mimi nabana, mpaka ule mtikisiko unakwisha na sauti inanyooka. Hapo namwachia. Alikuwa ananiita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, na kila nikimwachia goti anasema, "Mama kasikia." Watoto wenzangu walikuwa na baba wa kuwatuma maji. Wangu mimi alikuwa ananiuliza mambo. Niliamini nimezaliwa na sikio la pekee, kwamba Mungu aliligawa akanipa fungu langu na la ndugu zangu wote.

Ukweli ni kwamba baba alikuwa anapoteza usikivu. Ile mashine ilikuwa imemla masikio. Sauti nene alizisikia bado, za juu zilikuwa zinaondoka moja baada ya nyingine, na tofauti ndogo kati ya uzi na uzi hakuipata tena. Hakumwambia mtu. Mashamba yalikuwa ya wengine, nyumba ilikuwa ya udongo, hata baiskeli tuliazima. Lakini akishika gitaa, wazee waliomzidi umri walisimama wakimsubiri aanze. Kwaya ikijua, gitaa linapewa mwingine, na baba anabaki kuwa mtu wa mashine tu. Hilo ndilo alilokuwa analinda kwa goti lake na mkono wangu. Mimi sikujua. Nilidhani tunacheza.

Gitaa tulilokuwa nalo lilikuwa la kuazima, na siku moja usharika wa jirani ukalitaka. Msimu ule kwaya ilikuwa imevuna zabibu kwenye kipande chake cha shamba, wakakubaliana baba aende mjini akachague gitaa lao wenyewe. Katibu wa kwaya, Mama Tabitha, mwanamke mwenye kauli, alimwambia asirudi na kitu cha rangi ya kufa, kwa sababu majoho yao yalikuwa na kola nyekundu na gitaa litaonekana kwenye picha. Baba akamwambia mama kwamba atanichukua mimi. Mama akamtazama kidogo, akaenda kunipigia pasi gauni la Jumapili.

Duka lilikuwa la fundi redio karibu na soko, mtu wa Kondoa, mpole, jina lake Bwana Shabani. Ndani kulinuka risasi ya kuchomelea na vumbi la moto. Magitaa yaliyobaki yalikuwa mawili, yamening'inia ukutani, na umeme ulikuwa umekatika. Bwana Shabani akaomba radhi, akasema tungoje au turudi kesho, maana gitaa la umeme bila umeme mtu atalijuaje. Nikaona mabega ya baba yanashuka. Nilidhani amehuzunika. Leo najua yalishuka kwa nafuu.

Akaomba yote mawili. La kwanza lilikuwa jekundu, linang'aa kama pipi iliyotoka mdomoni, jepesi, lina pikapu tatu na ule mkono wa kuyumbisha sauti. La pili lilikuwa la rangi ya chai ya rangi, zito, pikapu mbili, swichi moja, shingo nene, na kovu refu tumboni ambalo mtu alijaribu kulifunika kwa vanishi. Baba akakaa kwenye kiti, akaweka jekundu mapajani, akagonga uzi, halafu akainama na kuweka taya lake juu ya ile pembe ya mbao, akafumba macho. Akainuka upesi. Akachukua la chai, akafanya vilevile, na pale hakuinuka. Akagonga tena, taya likiwa palepale. Akagonga tena.

Kisha akanivuta, akaweka taya langu kwenye mbao. Nakumbuka mpaka leo. Sauti haikupitia masikioni, ilipanda kwenye meno ikaingia kichwani na kukaa huko muda mrefu.

"Gitaa la umeme linajulikana likiwa halina umeme," alimwambia Bwana Shabani.

Sentensi hiyo niliibeba miaka mingi. Niliisema shuleni, niliwaambia vijana wa kwaya, na wote waliitikia kwa kichwa kwa heshima. Mtu yeyote wa ufundi angeniambia kwamba mbao peke yake haikwambii hata nusu, maana kazi kubwa inafanywa na pikapu na spika. Bwana Shabani alijaribu kusema hivyo kwa adabu. Alisema jekundu lina pikapu tatu, shingo yake ni laini, na hakuna gitaa lolote mjini lenye mkono mfano wa ule. Baba akatikisa kichwa. Mimi karibu nilie. Nilitaka jekundu kwa moyo wangu wote, na nilidhani baba kalihurumia lile lingine kwa sababu ya kovu. Alilichagua kwa sababu ndilo alilolisikia.

Tukiwa bado hapo, umeme ukarudi. Bwana Shabani akachomeka waya, akawasha spika, na gitaa la chai likaanza kuvuma, mvumo mzito usioisha, hata kabla halijaguswa. Nikamtazama baba nione atakavyokunja uso. Baba alikuwa anatabasamu, anatikisa kichwa kuridhika. Nikambana goti. Akashituka, akaanza kuzungusha funguo za nyuzi, nyuzi ambazo zilikuwa zimepatana vizuri kabisa. Nikabana zaidi. Bwana Shabani akamtazama baba, akanitazama mimi, akautazama mkono wangu. Alichukua bisibisi, akafungua mgongo wa gitaa, akauchomelea waya mmoja uliokuwa umeachia, na mvumo ukakata. Nikaliachia goti.

"Mtoto huyu umtunze, mzee," alisema tulipokuwa tunaondoka, na alisema mbele ya uso wa baba, polepole. Nilitembea hadi stendi nikiwa nimevimba kichwa.

Jumapili ya kuliweka wakfu gitaa, kanisa lilijaa mpaka madirishani. Asubuhi tulioanisha nyuzi nyumbani, mimi na goti, zikanyooka. Lakini kanisani mwalimu wa watoto akatukusanya wote tukae mbele kwenye mikeka, upande wa pili kutoka mahali alipokaa baba. Mama Tabitha alikuwa bado amenuna kwa sababu ya rangi. Baba akaitwa. Akasimama peke yake, akagonga noti, na kinamama wakaichukua bila kusitasita. Nikaona uso wake unafunguka, nami nikapumua.

Wimbo ulipofika katikati, uzi wa pili ukaanza kulegea. Nyuzi zilikuwa mpya na bati la kanisa lilikuwa limepata moto. Mwanzoni ilikuwa kidogo tu, kisha ikawa inatia uchungu. Sauti ya kwanza wakaanza kutazamana. Mwalimu Lazaro, mwalimu wa kwaya, aliendelea kupunga mkono lakini shingo yake ilikuwa imekakamaa. Na baba alikuwa amefumba macho, anapiga kwa furaha yote aliyokuwa nayo, anatabasamu, na kila alipopita kwenye uzi ule kanisa zima lilisikia isipokuwa yeye.

Niliinuka. Sikufikiri. Nilikanyaga miguu ya wenzangu, nikapita mbele ya mchungaji, nikafika kwa baba, nikambana goti.

Watu wakacheka. Baba akafumbua macho, akaniona, kisha akaziona nyuso za kwaya, na lile tabasamu likamtoka. Mkono wake ukaenda kwenye ufunguo. Nikabana, akazungusha, nikabana, akazungusha, mbele ya kanisa lililokuwa sasa limeacha kucheka. Nilipomwachia, Mwalimu Lazaro akainua mkono na kuwaimbisha ubeti ule upya, kana kwamba ndivyo ulivyotungwa.

Siku nzima nilingoja kuchapwa. Hakuna aliyenigusa. Jioni Mwalimu Lazaro akaja nyumbani, ameshika kigoda kidogo cha miguu mitatu. Baada ya salamu ndefu alikiweka mbele yangu.

"Hiki ni chako," aliniambia. "Mazoezini na ibadani utakaa kando ya baba yako. Kwaya imekubali."

Nilikipokea kwa mikono miwili na kupiga goti. Mimi, mwanakwaya, bila hata kuhitimu darasa la watoto! Nikamtazama baba nione fahari yake. Alikuwa amesimama mlangoni anatazama chini. Akasema, "Asante, Mwalimu." Nilidhani ananionea wivu.

Nilikaa kwenye kigoda kile utoto wangu wote. Nasema wazi, nilikichoka. Wenzangu walikuwa wanacheza rede nje na mimi naziona miguu yao tu kupitia mlangoni. Spika ilikuwa upande wangu wa kushoto, karibu sana, na nikitoka kwenye mazoezi sikio hilo lilikuwa linalia mpaka napanda kitandani. Kwenye mikesha ya kwaya nilisinzia mkono ukiwa juu ya goti, na baba akinigusa naamka nabana hata kama hakuna kosa. Ile fahari iliisha mapema, kazi ikabaki.

Nilipofaulu kwenda sekondari ya bweni, ndipo mama aliponieleza, tukiwa tunafunga sanduku. Alisema baba hasikii vizuri tangu hata hatujaenda kwa Bwana Shabani, na kwamba kwaya yote ilijua siku ile ile niliyopita mbele ya mchungaji. Walibaki kanisani baada ya ibada. Aliyesema ni Mama Tabitha, yule yule wa kola nyekundu. Alisema kama mtu haoni tunampa fimbo, basi huyu apewe mtoto wake, na asiambiwe kitu. Wakaenda kunitafutia kigoda. Sikuwa na sikio la pekee. Nilikuwa na sikio tu.

Wiki niliyoondoka, baba aliliweka gitaa kwenye mfuko wa turubai na kuiambia kwaya vidole vyake vimechoka. Hakuna aliyembishia. Miaka ilipopita na wao wakapata vyombo vingine, walimletea lile la chai nyumbani wakasema likae kwake, na nilipoanza kazi mjini likaja na mimi. Ndilo nililolipiga hapa Kikuyu mpaka shingo ikapinda.

Basi baada ya kukaa sakafuni na mfuko ule, nikampigia Amosi. Mwenye duka analomjua alikubali kutuazima magitaa mawili tuyajaribu nyumbani mpaka Jumatatu. Akaja nayo mchana, jeusi lenye pikapu mbili nene na jeupe lenye tatu na mkono wa chuma. Akamwamkia baba kwa kumshika mikono, shikamoo babu, akaanza kutafuta pa kuchomeka spika. Nikamwambia angoje kwanza.

Nikakaa mbele ya baba na lile jeupe. Akaliangalia, akaniangalia. Sikuwa nimemwambia kitu. Akasogeza kiti, akainama, akaweka taya lake juu ya mbao, mifupa na mvi na mikunjo yote. Nikagonga. Akainuka upesi. Nikachukua jeusi. Akaweka taya, nikagonga, na hakuinuka.

Nikaanza kumpigia wimbo wa zamani wa kwaya ya kijijini, polepole. Alikuwa amefumba macho. Ghafla nikahisi vidole vyake kwenye goti langu, vinanibana. Nilidhani amechoka, anataka niache. Nikaacha. Akatikisa kichwa bila kuinua taya, akanionyesha kwa mkono niendelee. Nikaendelea, akanibana tena kwa nguvu zaidi.

Nikamtazama Amosi. Kijana wa watu alikuwa ametazama chini, ana aibu ya kumsahihisha mtu mzima.

"Ni uzi wa pili, mama," alisema. "Umeshuka. Nilidhani unasikia."

Sikuwa nimesikia. Nilitega sikio la kushoto, nikatega la kulia, sauti kwangu ilikuwa ni moja, imenyooka. Jua lilikuwa limefika kwenye miguu ya baba. Nikashika ufunguo wa uzi wa pili, nikazungusha kidogo. Akabana. Nikazungusha tena. Akabana. Sikuangalia tena uzi wala Amosi, niliangalia mkono wa baba kwenye goti langu, nikazungusha, nikazungusha, mpaka akaniachia.